JUU YA KUMWAGILIA BUSTANI KWA MPIRA WA MATONE

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa tawi, Kisumu, na mwanachama wa idara ya njia



Mimi si msemaji, na elimu yangu ni ya shule ya msingi ya misheni tu, basi mnivumilie nikikosea. Katibu ameniambia nizungumze juu ya jambo lililo mbele ya tawi, yaani lile shauri la kutoa fedha katika mfuko wetu wa kusaidiana, inunuliwe mipira ya kumwagilia kwa matone, ambayo wengi huiita dripu, na igawanywe kwa wanachama arobaini. Sababu ya kuniita mimi ni kwamba watu wamesikia kuwa ninao mpira huo nyumbani kwetu, upande wa Kendu Bay. Ni kweli ninao. Lakini nilikaa nao karibu miaka miwili kabla haujanipa hata kitunguu kimoja, na habari ya miaka hiyo miwili ndiyo nataka mwisikie kabla hamjainua mikono.

Kwanza niueleze mpira wenyewe, maana nilipokuwa nikiingia hapa nimesikia ndugu mmoja akiuliza mashine yake hutumia mafuta gani. Hauna mashine, wala umeme, wala mafuta. Ni ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini na kutiwa kiungio na chujio. Ndoo huwekwa juu ya miti au juu ya kichanja, kimo cha mita moja kutoka ardhini. Kutoka kwenye ndoo hushuka mpira mdogo, nao hugawanyika mistari miwili ya mpira bapa, kila mstari mita 15, ikilazwa juu ya tuta la bustani. Katika mpira huo bapa mna vitundu vidogo sana, kimoja kila sentimita 30. Basi mstari mmoja una vitundu 50, na miwili ina 100. Mche mmoja hupandwa mbele ya kitundu kimoja. Ukijaza ndoo, maji hutoka tone baada ya tone, yakishuka kwenye mizizi ya mche, na njia baina ya mistari hubaki kavu. Ndiyo hayo tu.

Jambo hili si jipya. Mhandisi mmoja wa Israeli, Simcha Blass, alishirikiana na watu wa kijiji cha Hatzerim mwaka 1965 kuanza kutengeneza vitoa matone vya plastiki, na huko Marekani Bwana Richard Chapin wa Watertown, New York, alitengeneza mpira ule bapa ulio mwembamba na wa bei nafuu. Hapa Kenya mpira wa ndoo uliletwa na wataalamu wa utafiti wa kilimo, KARI, ambao leo huitwa KALRO, katika mwaka 1996. Walianza kuujaribu na kuuza pale Kabete, na kutoka huko ukaenea mikoani. Kwa hiyo mtu asije kutuambia kwamba yeye ndiye aliyeuvumbua, wala asitupandishie bei kwa sababu hiyo.

Sasa nasema juu ya nguvu ya maji, nanyi watu wa reli mtanielewa upesi kuliko wengine. Kinachosukuma maji katika mpira huu ni kimo cha ndoo na hakuna kingine. Wazee wetu waliofanya kazi wakati wa injini za mvuke walituhadithia matangi ya stesheni yaliyoinuliwa juu ya minara, ili maji yashuke kwa nguvu ndani ya injini. Ukiinua tangi mita 10 wapata kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Ukiinua ndoo mita moja wapata sehemu moja tu katika kumi ya hiyo. Tairi ya baiskeli unayoipanda kuja kazini hutiwa upepo mara ishirini au thelathini ya nguvu ile. Basi nguvu ni kidogo mno, na hapo ndipo penye faida yake na ndipo penye taabu yake. Faida ni kwamba hata mtoto aweza kuitengeneza nguvu hiyo kwa kupandisha ndoo juu ya kichanja. Taabu ni kwamba nguvu ndogo haina ubavu wa kushindana na kitu. Uchafu kidogo katika kitundu, maji hayatoki. Mteremko wa sentimita 30 katika tuta la mita 15, ambao macho hayauoni, ni karibu theluthi moja ya nguvu yote, nayo imekwisha kupotea upande wa juu na kuongezeka upande wa chini.

Na sasa aibu yangu.

Niliununua mpira huo mwaka 2016, nikiwa likizo. Nilifika nyumbani kama mtu mkubwa kutoka mjini. Nilichagua tuta katika bustani ya mama yangu bila kumwuliza, nikaweka ndoo, nikalaza mistari, nikajaza maji ya ziwa, na matone yakatoka. Majirani wakaja kutazama. Nikawaeleza mambo mengi. Siku ya tatu nikapanda gari kurudi Kisumu kazini. Niliporudi baada ya miezi miwili nilikuta mipira imekunjwa na kuning'inizwa ndani ya ghala pamoja na majembe mabovu, na mama alikuwa akimwagilia kwa kikopo kama zamani. Nilikasirika. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hapaswi kumwambia mama yake, na mama watoto alikuwa amesimama pale akisikia. Mama hakujibu. Alinyosha mkono kuelekea tuta nililolichagua.

Nilikwenda nikatazama. Upande ulio karibu na ndoo, miche ilikuwa imekauka mpaka ikawa makuti. Upande wa chini, unaoelekea ziwani, udongo ulikuwa umelowa mpaka miche ilioza. Ndugu zangu, mimi ni mtu wa njia. Kazi yangu ya kila siku ni kutazama kama reli imelala sawa, na katika genge letu hatuweki taruma moja bila kupima. Lakini nyumbani kwangu niliweka mpira kwa macho tu, kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kusifiwa. Pima maji ilikuwamo ndani ya mfuko wangu siku ile ile. Tena nilipoupasua mpira mmoja kwa kisu, niliona ndani yake ukungu wa kijani na matope. Maji ya ghuba yetu ya Winam ninyi nyote mnayajua. Nilikuwa nimeyamimina ndani ya ndoo kama yalivyo, na sikumwambia mtu habari ya kuosha chujio wala kufungua ncha za mistari ili uchafu utoke.

Hayo mawili ni makosa ya ufundi, na fundi aweza kuyatengeneza. Kosa la tatu lilikuwa kubwa zaidi. Mama aliniambia jioni, hasira ilipopoa, kwamba hata zile siku za kwanza mpira ulipofanya kazi vizuri, yeye aliona udongo juu ni mkavu, na doa la unyevu kwenye kila mche lilikuwa kama sahani tu. Majani hayakulowa. Akaogopa mimea itakufa kwa kiu, basi akawa anaongeza maji kwa kikopo. Kwa hiyo mpira haukumpunguzia kazi, ulimwongezea, maana alibeba maji ya ndoo na maji ya kikopo pia. Mimi nilikuwa nimewaeleza majirani wote isipokuwa yeye ambaye angebeba hiyo ndoo.

Tulichimbua kwa vidole pale penye doa. Chini, kina cha kiganja, unyevu ulikuwa umetanda mpana kuliko juu, na mizizi myeupe ilikuwa imejaa humo. Mama alitazama kwa muda, kisha akasema, "Hii ni dapi." Ninyi mnaoishi kandokando ya ziwa mnaijua dapi, ule mtungi mkubwa wa maji ya kunywa unaokaa pembeni mwa nyumba. Hutoa jasho polepole, nao udongo chini yake haukauki, na kila mwaka hapo huota mnyanya ambao hakuna aliyeupanda. Tangu siku hiyo sikuwa na haja ya kumfundisha tena. Na kweli zipo nchi ambako watu huzika mitungi ya udongo shambani na kuijaza maji, na jasho la mtungi hunywesha mimea. Wachina waliandika habari ya kazi hiyo yapata miaka 2,000 iliyopita. Mwanachama asiye na fedha ya mpira aweza kuanza na mtungi, mradi usiwe umepakwa rangi.

Basi tulianza upya. Nilipima tuta kwa kamba na pima maji mpaka likalala sawa, tukalikata likifuata ubavu wa kilima badala ya kushuka nacho. Tulifunga kitambaa cha pamba juu ya mdomo wa ndoo, na maji ya ziwa tuliyaacha yakae usiku kucha katika pipa ili tope ishuke, kisha tukateka ya juu. Ndoo ilifunikwa, kwa sababu jua likiingia majini ukungu wa kijani humea. Kila Jumamosi mama watoto hufungua ncha za mistari, akaacha maji yatoke kwa nguvu mpaka yawe safi, akazikunja tena. Kazi hiyo ni ya dakika tano. Kitundu kikiziba husuguliwa polepole kwa vidole mpira ukiwa na maji, wala hakichokolewi kwa sindano. Mimi nilikichokoa kwa sindano. Kikawa kitundu kinachotoa maji ya watu sita.

Mkitaka hesabu ya maji, hii hapa. Katika nchi yetu ya joto kando ya ziwa, siku ya kiangazi jua na upepo huondoa kama milimita 5 za maji katika shamba lenye mimea. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Tuta letu ni mita 15 kwa moja, basi lataka kama lita 75 kwa siku mimea ikiwa imekua, yaani karibu ndoo nne, mbili asubuhi na mbili jioni. Miche ikiwa midogo ndoo mbili zatosha. Zamani mama alipomwagilia tuta lile lile kwa kikopo alihesabu ndoo tisa, na bado mimea ilisinyaa saa nane mchana, kwa sababu maji mengi yalikimbia juu ya udongo au yalichukuliwa na jua. Kutoka kwetu mpaka ziwani wakati ule ilikuwa hatua 300. Ndoo tisa, kwenda na kurudi, ni hatua 5,400, na nusu yake ndoo iko kichwani. Ndoo nne ni hatua 2,400. Tena kila ndoo ni kusimama majini, na ninyi mnajua kichocho kinaingia mwilini kwa kusimama majini. Mimi nimepimwa nikakutwa nacho mara mbili.

Wataalamu wa FAO katika mafundisho yao hukisia kwamba ukipeleka maji kwa mfereji shambani, katika kila lita 100 mimea hupata kama 60, kwa kunyunyiza 75, na kwa matone 90. Hesabu ya mama ya ndoo tisa na nne yaonyesha kwamba kikopo ni kibaya kuliko mfereji, lakini simlaumu, maana ndicho alichokuwa nacho.

Ziko faida nyingine ambazo sikuzitarajia. Magugu hupungua, kwa sababu njia ni kavu. Nyanya hazishikwi sana na ule ugonjwa wa majani kuwa meusi, kwani majani hayalowi. Ila katika ukavu utitiri mwekundu hufurahi, basi mtu asifikiri ameepukana na kila adui. Na gugu maji, ambalo tangu lilipoingia ghuba yetu kiasi cha mwaka 1990 limewatesa wavuvi na meli, kwetu lina kazi moja njema. Tunalianika juani mpaka likauke kabisa, kisha tunalitandaza juu ya tuta kufunika mpira. Udongo haupati jua, na mpira wenyewe haupasuki upesi. Lakini liwe kavu kabisa.

Udongo nao uangaliwe. Kule Kano, kwenye udongo mweusi unaopasuka, maji ya tone moja hutanda mapana kwa upande, basi usijaze ndoo nyingi kwa mara moja, yatasimama. Kwenye mchanga wa ufukweni maji hushuka moja kwa moja kama fimbo, na mche usipokuwa karibu kabisa na kitundu hauonji kitu. Hapo ndoo ndogo ndogo mara nyingi ni bora, na samadi nyingi ichanganywe udongoni. Samadi itiwe udongoni, nasema, wala isikorogwe ndani ya ndoo. Jirani yetu aliikoroga ndani ya ndoo, na mpira wake leo ni kamba ya kufungia mbuzi.

Mwaka 2020 ziwa lilipanda. Wengi wenu mliona gati na ufuko wa Dunga, hamna haja ya kuhadithiwa. Mwezi wa Mei mwaka ule maji yalifika kimo ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964. Kwetu bustani yote ya chini ilikwenda majini, vitunguu vikiwa vimebaki wiki tatu kung'olewa. Mama watoto alikunja mipira usiku, maji yakiwa magotini, akaibeba pamoja na ndoo. Mfereji wa kuchimba hauchukuliki kichwani, lakini mpira unachukulika, nami namsifu kwa kuwa yeye ndiye aliyekumbuka, mimi nilikuwa zamu.

Tulilima mahali papya juu ya kilima. Maji yaliporudi chini tulijikuta mbali na ziwa kuliko zamani, hatua kama 500, na hapo hata ndoo nne zilikuwa mzigo. Tukashirikiana nyumba tatu kununua pampu ya miguu, ya aina ile ambayo shirika la ApproTEC, ambalo baadaye liliitwa KickStart, lilianza kuuza hapa Kenya katika miaka ya 1990. Mtu huikanyaga kwa miguu, nayo huvuta maji kutoka kina kisichozidi mita 7 na kuyasukuma juu kwa mpira mrefu. Tunayapeleka katika pipa la lita 200. Pipa lililoinuliwa mita moja laweza kulisha mistari kumi badala ya miwili. Nyumba tatu, pampu moja, siku zimegawanywa. Ugomvi umetokea mara mbili tu.

Biashara yake ni hivi. Sukuma wiki wakati wa mvua ya Aprili haina bei, kila mtu anayo. Januari na Februari, ardhi ikiwa imepasuka, ndipo sokoni hakuna kitu, na hapo osuga, dek, vitunguu na nyanya za kwetu hupata bei nzuri. Kwa hiyo sisi hatufanyi kazi na mpira mwaka mzima. Twapanda ili mazao yaangukie kiangazi, na mvua zikija twaukunja tukauweka juu mbali na panya. Baba yangu naye alikuwa mtu wa reli, na kazi yake ilipokwisha mwaka 2006 hapakuwa na kitu nyumbani ila jembe na ziwa. Mimi nilisoma mpaka pale fedha zilipoishia. Binti yangu wa kwanza ameingia sekondari kwa fedha ya vitunguu vya Februari pamoja na mshahara wangu; kimoja peke yake kisingetosha, nimepiga hesabu.

Lakini ndugu zangu, msidanganyike. Mpira huu hauzai maji, wala si wa kila shamba. Juzi mwanachama mmoja aliniambia ataweka eka moja ya mahindi chini ya dripu kwa ndoo. Eka moja ni mita za mraba 4,047. Kwa milimita 5 ni lita zaidi ya 20,000 kila siku, yaani ndoo 1,000 na zaidi. Hata ukiokoa nusu kwa ujanja wa matone, bado ni ndoo 500, na mkewe ni mmoja. Eka nzima yataka injini na mabomba makubwa, na hiyo ni habari nyingine yenye fedha nyingine. Ndugu wa Ahero na West Kano wanaolima mpunga nao hawana kazi na kitu hiki, maana mpunga wao hukaa katika maji. Na wale wenye bustani karibu kabisa na ziwa wakumbuke kiboko. Akitembea juu ya mpira usiku hauoshwi wala haushonwi.

Sasa shauri lililo mbele yetu. Nimeisoma ile karatasi ya kamati. Inasema inunuliwe mipira arobaini kwa mara moja, muuzaji atupunguzie bei, kila mwanachama apewe wake, na akatwe katika mshahara miezi kumi. Bei hiyo ni nzuri, sikatai. Lakini fedha ya mfuko ule ndiyo fedha ya mazishi yetu na ya ugonjwa wa watoto wetu. Mpira ukining'inizwa ghalani, mwanachama ataendelea kukatwa mshahara kwa kitu kilicho ghalani, naye atalilaumu tawi, na atakuwa na haki. Nami nawaambieni wazi, kama mipira arobaini ingegawanywa kwa namna nilivyoupata mimi wangu, mwaka wa pili ungekuta mingi iko ghalani.

Kwa hiyo naomba shauri lirekebishwe namna hii. Tuanze na mipira kumi, kwa wanachama ambao maji hayako mbali na bustani yao zaidi ya hatua 500, iwe ziwa, mto, kisima au tangi la mvua. Kila mpira ununuliwe pamoja na chujio la akiba, viungio vya akiba na mita kadhaa za mpira bapa, kwa sababu kinachokufa kwanza ni kijiunganisho cha shilingi chache, na ukikosa hicho ndoo nzima haina kazi. Muuzaji asiyeuza vipuri tusimnunulie hata kama bei yake ni ya chini. Sisi wa idara ya njia tujitolee kwenda na pima maji na kamba kulaza matuta, tukipewa nauli tu. Na la mwisho, ambalo najua baadhi yenu hamtalipenda: karatasi ya mkopo itiwe sahihi na mwanachama pamoja na yule atakayebeba maji, awe mke au mama au ndugu, naye aulizwe kwanza kama anautaka. Akisema hautaki, fedha ibaki mfukoni. Kule kwetu mimi nilikuwa Kisumu siku ishirini na sita katika mwezi. Mpira haukuwa wangu, ingawa risiti ilikuwa na jina langu.

Katibu aliniuliza kama jambo hili laihusu chama cha wafanya kazi, au ni kazi ya bwana shamba. Mimi naona lahusu. Tukikaa mezani na waajiri kuzungumza mshahara, yule ambaye nyumbani kwake kuna chakula mwezi wa Februari hupiga meza kwa mkono mwingine kuliko yule ambaye mkewe amempigia simu asubuhi kwamba unga umekwisha. Hilo mimi nimeliona kwa wenzangu wa genge wakati wa mgogoro, na sitataja mtu.

Maswali nitayajibu niwezavyo. Ule mstari wangu wa kwanza, niliouchokoa kwa sindano, na kipande kingine kilichotafunwa na panya aliyekuwa akitafuta maji, nimevileta; viko pale mezani karibu na Katibu, pamoja na mstari mzima ulio mzuri na ndoo yenye maji. Njoni mmoja mmoja mtazame namna unavyotoka tone, na tafadhali msiukanyage, ni wa kurudi Kendu Bay kesho.